Mume wangu amepoteza ubunge. Tunadai nini, na kwa nani?

"Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari ya serikali kwa miaka 14. Mwaka 2015 aliacha kazi akagombea udiwani wa wilaya, akashinda. Mwaka 2021 akaingia Bungeni, na uchaguzi wa mwaka huu ameanguka. Ana miaka 47. Hapa kwetu Busia, Uganda, kila mtu ana lake. Wengine wanasema mbunge hulipwa mshahara mpaka kufa. Wengine wanasema aliyeangushwa na kura hapati hata senti, anayepata ni yule aliyeondoka kwa hiari. Yeye mwenyewe anaamini miaka yake yote itajumlishwa, ualimu, udiwani na ubunge, iwe 24. Huku nyuma benki inapiga simu kila siku kwa mkopo wa kampeni, na kuna jamaa ameleta karatasi za nyumba tunayoishi anataka nitie sahihi. Naomba nielezwe: tunadai nini, kwa nani, na tuanzie wapi?"

Pole sana, dada yangu. Kabla sijagusa pensheni, nianze na hizo karatasi za nyumba, maana hapo ndipo mnapoweza kuumia wiki hii hii. Usitie sahihi. Sheria ya Ardhi ya Uganda inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi bila ridhaa ya mke au mume, na Sheria ya Rehani ya 2009 nayo inadai ridhaa hiyo pale nyumba ya ndoa inapowekwa dhamana. Ndiyo sababu jamaa huyo amekuja kwako na hakuishia kwa mumeo. Bila sahihi yako, hana anachokishika. Mwambie unataka nakala ya karatasi zote uzipeleke kwa mwanasheria. Akikataa kukuachia nakala, amekwisha kukujibu. Tutarudi kwenye deni baadaye.

Sasa mafao. Nimekaa miaka mingi na watu waliotoka serikalini na kwenye siasa tukipekua mafaili yao, na kosa ninalokutana nalo zaidi ya mengine ni hili la mumeo: kudhani kwamba mtu ana utumishi mmoja unaomfuata kila aendako, kama mfuko wa begani unaozidi kujaa. Uganda haiko hivyo. Mafao hufuata kiti. Kila kiti alichokalia mumeo kina sheria yake, mfuko wake na mlango wake wa kubisha hodi, na vingine havina mfuko kabisa. Katiba yenyewe imechora mstari huo. Kifungu cha 254 kinampa mtumishi wa umma haki ya pensheni inayolingana na cheo, mshahara na muda wake wa kazi, ilipwe kwa wakati, isikatwe kodi. Lakini kifungu cha 257 kinasema wazi kwamba utumishi wa umma hauhesabu kiti cha Rais, Makamu wa Rais, Spika, waziri wala mbunge. Mwalimu yuko upande mmoja wa ukuta na mbunge yuko upande wa pili. Kwa hiyo miaka 14 ya ubao na chaki haiwezi kuongezwa juu ya miaka 5 ya Bunge.

Tuanze na Bunge, kwa kuwa hapo ndipo penye habari njema.

Wabunge wa Uganda wana mfuko wao wa pensheni, ulioundwa na Sheria ya Pensheni za Bunge ya mwaka 2007. Ni mfuko wa kuchangia. Kila mwezi mbunge hukatwa asilimia 15 ya mapato yake yanayohesabiwa kwa pensheni, na serikali huongeza asilimia 30 ya mapato hayo hayo. Fedha hizo zinasimamiwa na wadhamini, zinawekezwa, na mfuko mzima uko chini ya macho ya URBRA, mamlaka inayodhibiti mifuko ya mafao ya uzeeni nchini, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mwenye haki ya kupokea pensheni ni mbunge aliyetoka akiwa ametimiza miaka 45 na ametumikia si chini ya miaka 5.

Soma tena sharti hilo, dada. Linauliza umri, linauliza muda. Haliulizi kama mtu aliaga kwa hiari au wapiga kura walimwonyesha mlango. Kwa hiyo maneno ya kwamba aliyeshindwa hapati kitu si kweli. Mumeo ana miaka 47 na amemaliza muhula mzima wa Bunge la 11. Kwa maelezo uliyonipa, amevuka vizingiti vyote viwili. Angeingia kwa uchaguzi mdogo katikati ya muhula, hesabu ingekuwa nyingine, kwa kuwa miaka isingetimia. Na mbunge kijana anayetoka na miaka 35 hawezi kuanza kupokea pensheni kesho yake. Yeye huongea na mfuko kuhusu michango aliyoiweka, ambayo haipotei.

Na hao wanaosema mshahara mpaka kufa? Wamechanganya vitu viwili. Mshahara wa mbunge unakoma muhula unapokwisha. Kinachobaki ni pensheni, na pensheni huzaliwa na michango. Hapa ndipo familia nyingi hushtuka, kwa hiyo nikueleze polepole. Ulipokuwa ukiona fedha zikiingia nyumbani, ulikuwa unaona mkusanyiko: mshahara wa msingi, posho za vikao, fedha za safari za jimboni, mafuta na kadhalika. Mchango wa pensheni hauhesabiwi juu ya mkusanyiko wote huo, unahesabiwa juu ya mapato yale tu ambayo sheria imeyataja kuwa ya pensheni. Kwa kila shilingi 1,000,000 ya mapato hayo, mumeo alikatwa 150,000 na serikali ikaweka 300,000, jumla 450,000 kwa mwezi. Kwa miezi 60 ya muhula mmoja hiyo ni michango ya shilingi 27,000,000 kabla ya faida ya uwekezaji. Chukua karatasi yake ya mshahara, tazama kiasi kilichokatwa, uzidishe wewe mwenyewe. Kiasi cha pensheni kitakokotolewa na mfuko kwa kanuni zake, lakini hesabu hiyo ya jikoni itakupa picha ya ukubwa wa kapu. Ni fedha ya maana. Lakini haiwezi kuendesha maisha yale mliyoyazoea tangu 2021, na ni afadhali mwambiane hilo sasa mkiwa wawili mezani.

Twende kwenye ualimu, na hapa itabidi nikuambie jambo gumu.

Mwalimu wa serikali hakatwi mchango wa pensheni kwa mtindo huo wa Bunge. Pensheni yake inatoka katika bajeti ya serikali na hukokotolewa kwa muda aliofanya kazi: mshahara wa mwaka mara idadi ya miezi ya utumishi, kugawanya kwa 500. Tuseme mtu alikuwa na mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka 14, yaani miezi 168. Mshahara wa mwaka ni 12,000,000. Zidisha kwa 168, gawanya kwa 500, unapata 4,032,000 kwa mwaka, sawa na 336,000 kila mwezi. Anaweza kuchukua theluthi moja ya hiyo ya mwaka ikazidishwa mara 15, akapata kiinua mgongo cha 20,160,000 kwa mkupuo, kisha akabaki na 224,000 kila mwezi maisha yake yote.

Lakini hiyo ni hesabu ya aliyestaafu. Umri wa kustaafu ni 60, na anayetaka kutoka mapema anaruhusiwa akiwa na miaka 45 na utumishi wa miaka 10 mfululizo. Mumeo alikuwa na miaka 36 alipoandika barua mwaka 2015. Hakustaafu, alijiuzulu, na sheria ya pensheni haimlipi anayejiuzulu katika umri huo, hata kama amefundisha miaka 14. Najua ni neno linalouma. Sheria ya uchaguzi ndiyo inayowasukuma watumishi kwenye kona hii: anayetaka kugombea ubunge lazima ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi, na wanaotaka nafasi za wilaya nao hawaruhusiwi kugombea wakiwa wameshika ajira ya serikali. Mwalimu wa miaka 46 anaweza kuomba kustaafu mapema kwanza, akatoka na haki yake, ndipo agombee. Mwalimu wa miaka 36 hana mlango huo. Anaweka miaka yake yote mezani, na akikosa kura, imekwenda. Natamani kila mwalimu, muuguzi na afisa wa kaunti ndogo anayewaza siasa angekaa na mtu amfanyie hesabu hii kabla ya kuandika barua, kwa sababu baadaye hakuna wa kumrudishia.

Hata hivyo usifunge faili kwa maneno yangu peke yake. Tafuteni barua yenyewe. Nimeona mafaili ambayo mtu anaamini alijiuzulu kumbe aliomba likizo bila malipo, na mengine ambayo barua ya kukubaliwa haikuandikwa kamwe. Ofisi ya rasilimali watu ya wilaya alikofundisha inaweza kuwa na faili lake. Ombeni kuliona kwa maandishi. Na kama kabla ya kuajiriwa na serikali aliwahi kufundisha shule ya binafsi, ulizeni NSSF, mfuko wa taifa wa akiba za wafanyakazi, kwa kuwa huko mwajiri hulipa asilimia 10 na mfanyakazi 5, na akiba hiyo haiozi hata mtu akipotea miaka ishirini.

Udiwani nitaupitia haraka, maana hakuna mengi. Diwani wa wilaya hana pensheni. Wenyeviti wa wilaya na wa kaunti ndogo, wale tunaowaita LC5 na LC3, hulipwa mshahara na kiinua mgongo kupitia fungu maalumu la serikali. Diwani wa kawaida hupata posho za vikao na malipo ya shukrani. Kwa hiyo ile miaka 5 kuanzia 2016 haidai kitu chochote cha uzeeni. Kinachowezekana ni malimbikizo: kama kuna posho au shukrani ya miaka ile ambayo haikulipwa, mumeo aandike kwa CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, akiambatisha kumbukumbu za vikao alivyohudhuria.

Nikae hapa kidogo, kwa kuwa swali lako limenigusa mahali. Watu wa Busia wanaosema wanasiasa wanajilimbikizia hawasemi hewani. Juu kabisa, Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu wana sheria yao ya mwaka 2010, na mafao yao baada ya madaraka hutoka hazina ya taifa bila wao kuchangia. Nchi hii ilikuwa na sababu ya kuandika sheria ya namna hiyo. Marais wetu wa zamani wawili walifia uhamishoni: Obote alifia Johannesburg mwaka 2005, Amin alifia Jeddah mwaka 2003. Kiongozi anayejua atakula nini na atalala wapi baada ya ikulu amepungukiwa sababu moja ya kung'ang'ania madaraka. Hoja hiyo naikubali. Lakini teremka mpaka chini. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ambaye ndiye anayeamshwa usiku wa manane mkigombana na jirani, na ambaye muhuri wake unatakiwa kwenye kila barua, amekuwa akipewa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Na mpango wa ruzuku ya wazee, ulipoenezwa nchi nzima, ulimpa mwenye miaka 80 na kuendelea shilingi 25,000 kwa mwezi.

Linganisha pia Bunge na mfanyakazi wa kampuni. Kote kuwili mwajiri anaweka mara mbili ya anachoweka mwanachama, kwa hiyo uwiano ni ule ule. Tofauti iko kwenye kipimo: NSSF jumla ni asilimia 15 ya mshahara, Bungeni ni asilimia 45. Mara tatu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ubunge ni kazi ya miaka mitano mitano isiyo na uhakika, kwa hiyo akiba lazima ijae upesi. Maelezo hayo yana ukweli, wewe na mumeo ni mashahidi. Ila mwalimu mwenzake aliyebaki darasani anapoyasikia, ana haki ya kuuliza kwa nini hatari ya diwani na ya LC1 haikufikiriwa. Mimi naona swali lake ni la haki, na nadhani wabunge wenyewe wanapaswa kulijibu. Hayo hayapunguzi haki ya mumeo. Aidai bila aibu.

Aidai vipi? Aende mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni wa Bunge, Kampala, akiwa na kitambulisho cha taifa, karatasi za mshahara na maelezo ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lake. Aombe taarifa ya michango yake yote, mwezi kwa mwezi, na ailinganishe na makato kwenye karatasi za mshahara. Aulize mambo matatu na aombe majibu kwa maandishi: pensheni yake ni kiasi gani kwa mwezi, ni sehemu gani inaweza kutoka kwa mkupuo na inapunguza kiasi gani cha kila mwezi, na nini kinatokea kwa mke na watoto akifariki. Kukiwa na mvutano usioisha, URBRA hupokea malalamiko ya wanachama wa mifuko, na hakuna malipo ya kulalamika. Asimtumie mtu wa kati. Tangu ile kashfa ya 2012 ya wastaafu hewa katika Wizara ya Utumishi wa Umma, ukaguzi wa majina umekuwa mkali, na palipo na ukaguzi huzuka watu wanaojidai kuharakisha faili kwa asilimia fulani. Mafao halali hayana asilimia ya mtu.

Sasa deni. Mkopo wa mbunge kwa kawaida hutolewa kwa kutazama mshahara, na makato hutoka moja kwa moja. Mshahara umekoma, deni limebaki, na riba inatembea. Simu za benki zitaendelea mpaka mtu aende. Aende yeye, kabla hajaitwa, na barua inayosema: muhula umekwisha, pensheni inatarajiwa kuwa kiasi hiki, naomba muda urefushwe na malipo ya mwezi yapunguzwe. Benki nyingi hupenda kulipwa kidogo kidogo kuliko kuhangaika na kesi. Msome na mkataba wa bima ya mkopo, ila msiutegemee sana, kwa kuwa bima hizo huandikwa kwa ajili ya kifo na ulemavu.

Kama sehemu ya deni ni ya wakopeshaji binafsi, hakikisheni wana leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo chini ya sheria ya 2016. Asiye na leseni anayewatisha ni wa kupelekwa polisi na kwa UMRA, haidhuru ameshika karatasi gani. Kishawishi kikubwa kitakuwa kuchukua mkupuo wote unaoruhusiwa na kuumimina kwenye deni la kampeni. Nawashauri msifanye hivyo kabla ya kukaa na mwanasheria na mtu wa hesabu. Mkupuo unaliwa mara moja. Mumeo ana miaka 47, na pensheni ya kila mwezi italazimika kumtunza pengine miaka thelathini.

Pia kuna fedha inayotoka bila mkataba wowote. Mtaani bado anaitwa Mheshimiwa, na jina hilo lina bei: mazishi ya Jumamosi, arusi, karo ya mtoto wa mpiga kura, boda boda inayohitaji tairi. Hili ni la kwenu wawili kuliamua, na ni vizuri aliseme yeye mwenyewe hadharani, msikitini au kanisani au kwenye kikao cha kijiji, kwamba kiti kimekwisha na mkono umefupika. Watu wa kwetu husamehe aliyesema mapema.

Kuhusu kipato kijacho, ana miaka 13 kabla ya umri wa kustaafu wa utumishi wa umma, na cheti chake cha ualimu hakikuangushwa na kura. Anaweza kuomba tena kazi serikalini kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu nafasi zikitangazwa, au kufundisha shule ya binafsi ambako mwajiri ni lazima amwandikishe NSSF. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 mtu anaweza pia kujiwekea NSSF kwa hiari yake bila mwajiri, na hilo linakuhusu wewe pia, dada, kama una duka au unauza bidhaa mpakani. Umebeba nyumba hii muda mrefu bila akiba yenye jina lako.

Msaada wa ana kwa ana unahitajika mara moja kwa mambo mawili: karatasi za nyumba, na barua yoyote ya mahakama au ya dalali itakayofika. Kwa hayo usingoje jibu la kuandikiwa kama hili. FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, husaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili, na Uganda Law Society nayo ina mradi wa msaada wa kisheria.

Mumeo atakapokwenda Kampala, nenda naye. Ukifika, omba muonyeshwe fomu ya warithi aliyoijaza alipojiunga na mfuko mwaka 2021. Wabunge wengi huijaza wakiwa na haraka wiki ya kuapishwa, kisha hawaigusi tena. Angalieni majina ya watoto wote yamo, yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, na kwamba jina lako lipo.